Tembo Warriors wameshangiliwa, je, kijana aliyebaki chumbani?

Mwishoni mwa mwaka 2021 jiji letu la Dar es Salaam lilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la soka la watu waliokatwa viungo. Timu yetu ya Tembo Warriors ilicheza vizuri, ikakata tiketi ya Kombe la Dunia. Oktoba 2022, jijini Istanbul, Uturuki, vijana hao wakafika robo fainali. Taifa Stars tunayoipenda haijawahi kucheza Kombe la Dunia hata mara moja.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, nieleze kidogo. Kila upande una wachezaji saba. Wale wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo mawili. Golikipa ana mkono mmoja, na haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Mguu bandia hauvaliwi mchezoni. Kuupiga mpira kwa gongo makusudi ni kosa. Kila kipindi ni dakika 25, na mpira unakwenda kasi kweli.

Mimi huutazama kwa jicho la daktari. Mtu anayekwenda kwa magongo hutumia nguvu nyingi kuliko anayetembea kwa miguu miwili. Mabega, vifua na tumbo la wale vijana vimejengeka kwa kazi ya miaka. Moyo na mapafu yao ni vya wanariadha. Kila nikiwaona, namkumbuka kijana mwingine ambaye hakufika uwanjani, na sehemu ya lawama ni yangu.

Kijana wa Mbagala

Ni miaka mingi sasa, nilikuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya jiji hili. Aliletwa kijana wa miaka 17, mkazi wa Mbagala, aliyekuwa abiria wa bodaboda. Mguu ulikuwa umesagika, tukaukata chini ya goti. Kidonda kilikauka vizuri. Siku ya kuruhusiwa nilimwandikia dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi.

Mama yake aliniuliza, “Dokta, sasa mwanangu ndiyo basi tena?”

Nikamjibu, “Mama, mshukuru Mungu yuko hai.”

Niliamini nimemjibu. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye nilikutana naye tena, ameletwa kwa tatizo jingine. Goti la mguu uliokatwa lilikuwa limejikunja na kukakamaa, halinyooki. Muda wote huo alikuwa amekaa chumbani, juu ya godoro, na mto chini ya goti. Mama yake ndiye aliyekuwa akimwekea mto kila siku ili mwanawe asiumie. Hakuna aliyemwambia kwamba mto ule ulikuwa unamharibia goti. Mimi nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na sikumwambia.

Kulikuwa na jambo jingine. Usiku alikuwa akilia kwamba vidole vya mguu ambao haupo vinamuuma. Majirani wakasema ni jini, akapelekwa kufanyiwa zinguo, na fedha zikaondoka. Msomaji wangu, maumivu hayo ni ya kweli, na hayana jini wala wazimu. Mishipa ya fahamu na ubongo huendelea kuutambua mguu hata baada ya kukatwa. Yanawapata wengi waliokatwa viungo, na zipo dawa na mazoezi ya kuyapunguza.

Kwa goti lililokunjika namna ile, hata mguu bandia ungekuwa shida kuuvaa.

Timu huanzia wodini

Tunaposhangilia Tembo Warriors, tunawashangilia waliofaulu kupita kwenye chujio. Kila mmoja wao alilala kitandani, akakatwa kiungo, halafu akapata namna ya kusimama tena. Kwa wengine ilikuwa familia, kwa wengine mwalimu au rafiki aliyewaburuta kwenda mazoezini. Waliokosa mtu wa namna hiyo hatuwaoni kwenye televisheni. Wako ndani Tandale, Mbagala na Tandika, na hesabu yao hatuna.

Najua jibu la haraka: viungo bandia ni ghali. Ni kweli. Tena kijana anayekua hubadilishiwa mguu kila baada ya muda, kama anavyobadilishiwa viatu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Lakini kilichomponza kijana wangu hakikuwa bei ya mguu bandia. Kilikuwa mto na kukosa maneno ya dakika kumi. Na vijana wetu kule Istanbul walicheza kwa magongo tu.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kama una ndugu aliyekatwa mguu, shika haya:

Kwanza, asiwekewe mto chini ya goti wala paja. Akiketi, kama amekatwa chini ya goti, sehemu iliyobaki inyooshwe juu ya ubao au kiti kingine. Akiweza, alale kifudifudi dakika kama 20, mara mbili au tatu kwa siku, ili nyonga isijikunje.

Pili, kidonda kikishapona, aoneshwe na mtaalamu namna ya kufunga bandeji ya kuvutika, ili uvimbe upungue na sehemu hiyo ipate umbo la kuvaa mguu bandia. Msikisie wenyewe, kwa sababu bandeji iliyokazwa vibaya huzuia damu.

Tatu, magongo yapimwe. Yale ya kwapani yabaki chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili hadi vitatu, na uzito aubebe kwa viganja. Akiliegemea gongo kwa kwapa kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huumia na mkono unaweza kufa ganzi.

Nne, atoke nje mapema, hata kama ni kufika kibarazani tu kwa siku ya kwanza.

Karakana za viungo bandia zipo hapa hapa jijini, CCBRT Msasani na MOI pale Muhimbili. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Kwa hiyo utaalamu tunao nchini. Tatizo ni njia ya kutoka wodini hadi kufika kwa wataalamu hao.

Nisisahau walio na miguu yote miwili. Abiria wa bodaboda, ukiona dereva amelewa au anapita upande usio wake, shuka. Mwenye kisukari, kagua nyayo zako kila siku, na kidonda hata kidogo kipeleke hospitali. Aliyevunjika asifungwe vijiti vya kukaza na mganga wa viungo. Nimeona mguu uliovunjika tu ukaishia kukatwa, kwa sababu vijiti vilizuia damu kupita.

Ombi langu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Maoni yangu ni kwamba magongo, mguu bandia na mazoezi tiba vihesabiwe kuwa tiba ndani ya bima hiyo, sawasawa na dawa ya presha. Kumkata mtu mguu kisha kumwachia ajitafutie namna ya kutembea ni kuacha kazi katikati.

Kwa madaktari wenzangu, ombi ni dogo zaidi. Mgonjwa aliyekatwa kiungo asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kuonana na mtaalamu wa mazoezi tiba, kushika magongo yanayomtosha, na kujua jina la karakana na siku ya kwenda. Anayemuuguza naye aelezwe, maana mto ataweka yeye.

Nawe msomaji, huenda unajua nyumba mtaani kwako ambako kuna kijana wa namna hii. Ukipita leo, ingia umjulie hali. Muulize kama goti linanyooka. Mwambie pia kwamba kuna Watanzania wa mguu mmoja waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia.

Yule mama wa Mbagala aliniuliza kama mwanawe ndiyo basi tena. Nilipaswa kumwambia, “Hapana, mama. Kaa hapa nikuoneshe.”