Jina la Mmea Lije Mwisho

Mkufunzi akaguaye mazoezi ya kufundisha hukutana mara nyingi na jambo hili: mwanachuo anaandika ubaoni "Funaria hygrometrica", anachora picha aliyoitoa kitabuni, nao wanafunzi wanainakili. Nje ya dirisha, pale palipochomwa takataka miezi kadhaa iliyopita, mmea wenyewe umetanda juu ya udongo. Hakuna aliyeutazama.

Desturi hii, kwa maoni yangu, huliua somo. Kuvumwani, yaani ule mmea mdogo wa kijani usio na maua wala mizizi ya kweli, hutambuliwa kwa macho na vidole. Mpe mtoto bonge la udongo wenye mmea huo pamoja na kioo cha kukuzia. Ataona shina fupi, kwa kawaida lisilozidi sentimita 1, na majani yenye ncha yaliyosongamana kama chipukizi. Asiharakishe kutoa hukumu, kwani kuvumwani nyingi zafanana hapo. Na atazame kikonyo chembamba, chenye urefu wa sentimita 2 hadi 5, kibebacho kifuko cha spora. Kifuko hicho kimeinama, nacho kimetuna upande mmoja kuliko wa pili, mfano wa peasi; kikikauka hufanya mifereji.

Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Niliwaonyesha wanafunzi kifuko kilichoinama nikatamka "Funaria", ndipo msichana mmoja akauliza mifereji iko wapi. Ilikuwa Bryum argenteum, iotayo hata katika nyufa za saruji. Kifuko chake nacho huinama, lakini hakina mifereji, na majani yake hung'aa kama fedha. Tangu siku ile siogopi tena kuulizwa nisichokijua, hofu ambayo wanachuo wengi wanayo na ndiyo iwafanyayo wajifiche nyuma ya jina.

Jina lenyewe halina ladha mpaka kikonyo kikavu kiloweshwe. Kikikauka hujisokota kama kamba. Kikipata unyevu hujisokotoa, na kifuko huzunguka mbele ya macho ya mtoto. Hapo ndipo mwalimu aseme kwamba neno la kwanza latokana na kamba kwa Kilatini, na la pili lahusu kupima unyevu. Vikonyo vianikwe tangu jana yake, na kila kikundi kipewe tone moja tu la maji.