Watoto Wasiotajwa: Historia ya Ukoo Iingie Katika Tiba

Mama anayempeleka mtoto mwenye homa katika zahanati yoyote kati ya Musoma, Bunda na Butiama akiulizwa mgonjwa ana ndugu wangapi, mara nyingi hutaja walio hai. Kama alizaa watano na kuzika wawili, jibu lake litakuwa watatu, pamoja na huyu aliyempakata. Hadanganyi. Wale wawili waliokufa kabla ya kuanza shule wana makaburi madogo nyuma ya nyumba, na uchungu wake si jambo la kuanikwa mbele ya foleni. Muuguzi naye ana wagonjwa waliojaa hadi mlangoni. Anaandika dawa ya malaria, anaita jina linalofuata. Habari iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote katika mazungumzo yale imeondoka na mama bila kuandikwa popote.

Utafiti wa historia ya ukoo huonekana na wengi kuwa kazi ya wastaafu, au ya watu waishio ughaibuni wanaotamani kujua asili yao. Katika Mkoa wa Mara kazi hiyo ina sababu iliyo karibu zaidi. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, hurithiwa, na ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye vinasaba vyake kwa wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima damu ya watoto wa mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Kwa hiyo ukoo ambao hauna habari hizi, mara nyingi ni ukoo ambao haujaulizwa.

Urithi wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtu mwenye kinasaba kimoja huwa mzima, hulima, huvua, huzaa, na huenda asijue maisha yake yote kwamba anacho. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atarithi kinasaba hicho pande zote mbili na kuugua. Neno la kuzingatia hapo ni "kila mimba". Mimba haikumbuki iliyotangulia. Familia inaweza kupata watoto wanne wazima mfululizo, na nyingine ikazika watatu. Ni katika tofauti hiyo ndipo uvumi huzaliwa: nyumba ile ina laana, mke yule ana mkosi, jirani yule ana jicho baya. Ndoa zimevunjika kwa maneno hayo, na kwa kawaida mzigo humwangukia mwanamke, ingawa ugonjwa hauwezi kumfikia mtoto pasipo mchango wa baba.

Wazee wa Mara hawakuwa wageni wa elimu ya nasaba. Kabla ya mahari kuzungumzwa, wajumbe walitumwa kuchunguza ukoo wa upande wa pili, na watu wa ukoo mmoja hawakuoana. Katazo hilo lilizuia ndoa za ndugu wa karibu, na kwa hilo lilikuwa na busara yake. Hata hivyo halitoshi kuwa kinga dhidi ya selimundu. Kinasaba kilichoenea kiasi hiki hakimo katika ukoo mmoja wala kabila moja. Kijana wa Kikwaya wa Musoma na binti wa Kiikizu wa Bunda, wasio na babu mmoja wanayemjua, wanaweza wote wawili kuwa nacho. Kinachohitajika ni kuupanua ule uchunguzi wa wazee, usiishie kwenye jina la ukoo tu, bali ufike kwenye kitabu cha afya yake.

Mfano wa kazi hiyo ikifanywa kwa ukamilifu unatoka Ghana. Daktari Felix Konotey-Ahulu, mwana wa Wakrobo, alifuatilia selimundu katika ukoo wake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa majina ya wagonjwa, hadi mwaka 1670. Hakukuwa na maabara wala faili la hospitali katika karne zile. Palikuwa na kumbukumbu za wazee, waliojua nani aliumwa mifupa kila mvua zilipoanza na nani alikufa akiwa mdogo. Ikumbukwe kwamba tiba ya Magharibi iliuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1910, katika makala ya James Herrick, tabibu wa Chicago. Kumbukumbu ya ukoo mmoja wa Afrika iliutangulia uandishi huo kwa miaka 240.

Familia ya Mara itakayotaka kuanza haina haja ya kwenda mbali. Huko Butiama, historia ya ukoo mmoja inajulikana kuliko nyingine zote nchini, nayo inafundisha namna ya kusoma majina. Inasimuliwa kwamba baba yake Mwalimu Julius Nyerere, Mtemi Nyerere Burito, alipewa jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavijeshi walipovamia mashamba. Na kwamba mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha siku ya kuzaliwa kwake. Majina hayo yanafanya kazi ya cheti cha kuzaliwa. Anayeyauliza maana yake hupata msimu, na pengine mwaka.

Ukoo huo unafundisha jambo la pili. Mtemi Burito alikuwa na wake 22, na mama yake Mwalimu, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Anayechora mti wa ukoo wa namna hiyo kwa kufuata wanaume peke yao atapata orodha ya watoto wa baba mmoja, lakini hataona kwamba wana nusu tofauti ya urithi. Katika nyumba za wake wengi, kila mama apewe tawi lake, na kutoka kwake wafuatwe kaka na dada zake. Nasaba inayosimuliwa barazani hufuata jina la baba, ilhali damu haina upendeleo huo.

Hapo ndipo mwuguzi na mwanafamilia wanapokutana na desturi inayodai uangalifu mkubwa. Miongoni mwa Wakurya na baadhi ya majirani zao ipo ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine amzalie watoto kwa jina la nyumba yake. Mtoto wa nyumba hiyo ana ukoo kamili na heshima kamili, lakini baba aliyemzaa huenda asitajwe kabisa. Akiulizwa mbele ya watu "Baba yako ni nani?", swali hilo linaweza kuvunja heshima ya nyumba nzima bila kumsaidia mgonjwa. Yafaa mama aulizwe faraghani, na aulizwe lile tu ambalo tiba inalihitaji: je, upande wa aliyemzaa mtoto huyu kuna mtu anayejulikana kuugua hivi? Jibu likiwa "sijui", liandikwe hivyo hivyo.

Kwa familia, vifaa vinavyohitajika ni daftari, kalamu na mchana mmoja pamoja na bibi. Kazi huanzia chini kwenda juu: mtoto, wazazi wake, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Vizazi vitatu vinatosha kwa kuanzia. Baada ya salamu na habari za nyumbani, bibi asiulizwe alizaa wangapi, maana swali hilo huita jibu la walio hai. Aulizwe uzazi kwa mpangilio: "Bibi, baada ya huyu, nani alifuata?" Akinyamaza kati ya majina mawili, asiharakishwe. Mara nyingi ukimya huo una mtoto ndani yake.

Miaka nayo hupatikana kwa matukio. Mtu asiyejua tarehe anajua kama alikuwa na mimba wakati wa Uhuru mwaka 1961, wakati wa kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mwaka ilipozama MV Bukoba, yaani 1996, au Mwalimu alipozikwa Butiama mwezi Oktoba 1999. Kwa waliobatizwa, vitabu vya parokia na makanisa ya zamani huweza kuthibitisha. Misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma, ndiko Mwalimu mwenyewe alikobatizwa mwaka 1943.

Uhamisho wa vijijini uliacha pengo lingine. Familia nyingi ziliyaacha makaburi yao kwenye mahame, na wajukuu wa leo hawayajui. Jina la Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu, lenyewe linatokana na neno la mahame ya wazee. Kijana anayemsindikiza babu yake hadi kwenye tongo la zamani, penye mlonge au mawe ya msingi uliobaki, atasikia mambo ambayo babu hakuyakumbuka akiwa sebuleni. Huko pia huonyeshwa makaburi mafupi, na kila kaburi fupi ni swali la kitabibu.

Wapo watakaosema kwamba wazee hawajui majina ya magonjwa. Ni kweli, wala hawatakiwi kuyajua. Waulizwe walichokiona. Je, mtoto yule alivimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi michache? Macho yake yaligeuka manjano? Alilia kwa maumivu ya mifupa wakati wa baridi? Aliongezewa damu? Alikufa ghafla kwa homa ya siku moja au mbili? Bibi aliyemlea mjukuu mgonjwa anaweza kueleza mambo hayo kwa usahihi ambao daktari anauhitaji.

Wapo pia wahudumu watakaosema kwamba muda hautoshi. Hoja hii ni nzito, na haifai kujibiwa kwa lawama. Hakuna anayetarajia zahanati yenye wauguzi wawili ichore miti ya koo. Maswali matatu yanatosha: mama amezaa mara ngapi pamoja na waliofariki, kuna ndugu wa mtoto, wa upande wowote, aliyeugua kwa dalili hizi, na mtoto huyu amewahi kupimwa selimundu. Jibu moja la kutia shaka ni sababu ya kupima au kutoa rufaa. Na mama akija na daftari lililokwisha kuandaliwa nyumbani, maswali hayo humalizika haraka. Kazi ya familia hupunguza kazi ya zahanati.

Faida yake haingoji kizazi kijacho. Mtoto anayegunduliwa mapema huweza kuanzishiwa penisilini ya kinga, kukamilishiwa chanjo, kulindwa dhidi ya malaria, na inapofaa kupewa haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Asiyegunduliwa huweza kufa kwa homa, na kaburi lake likaongezwa katika orodha ya wasiotajwa.

Tahadhari moja lazima isemwe wazi. Daftari la ukoo halichukui nafasi ya kipimo. Aliyebeba kinasaba kimoja hana dalili, hivyo ukoo usio na mgonjwa unaojulikana bado waweza kuwa nacho. Wala daftari lisigeuzwe silaha ya kuvunjia uchumba au ya kumsuta mkwe kwenye kikao. Likae mikononi mwa familia, lifunguliwe kwa mhudumu wa afya kwa ridhaa, na vijana wanaotaka kuoana walitumie kama sababu ya kwenda kupima pamoja.

Anayeona aibu kuandika akumbuke kinasaba hicho kilibakije hapa. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kilikutwa kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko nyanda za juu. Walionusurika na malaria katika fukwe na mabonde haya, kizazi baada ya kizazi, ndio waliowaachia wajukuu wao urithi huo. Watoto wanaougua leo wanalipa gharama ya kinga iliyowaokoa mababu. Hapo hapana laana ya mtu.

Kwa hiyo familia inayotaka kuijua historia yake ianze na ukurasa ulio mgumu zaidi. Kabla ya kutafuta mtemi au shujaa katika ukoo, iandike majina ya watoto waliokufa wadogo, pamoja na mama zao na kile walichougua. Mhudumu wa afya naye, mama anaposema "watatu", asubiri kidogo kabla ya kuandika, kisha aulize kwa upole: "Na waliotangulia, mama?"