Hati ya Mafuta Isiishie Gatini

Kwa Katibu Mtendaji,
Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria,
Kisumu.

Mheshimiwa,

KUH: TAARIFA ZA MAFUTA YA MELI ZIWANI

Nakuandikia wewe, si Nairobi, kwa kuwa ofisi yako iko hapa Kisumu na inawatumikia majirani wote wa ziwa hili kwa pamoja. Ombi langu ni karatasi moja. Meli ikitiwa mafuta Kisumu, Mwanza au Port Bell, mamlaka za Kenya, Tanzania na Uganda zote zijue ni mafuta ya aina gani, kiasi gani, na yametoka kwa nani.

Baharini jambo hili lina kanuni. Kiambatisho cha Sita cha mkataba wa MARPOL kinamtaka muuzaji aikabidhi meli hati yenye kiasi cha mafuta na kiwango cha salfa. Hati hiyo hutunzwa melini miaka 3, na sampuli iliyotiwa lakiri huwekwa angalau miezi 12. Mafuta yakibainika kuwa mabaya, nchi iliyoyabaini huarifu nchi yalikouzwa. Mwaka 2022 wauzaji wa Singapore waliuza mafuta yaliyochafuliwa na kemikali za klorini kwa meli zipatazo 200, na takriban 80 zikapata hitilafu za pampu na injini. Meli hizo ziliweza kufuatiliwa kwa sababu mauzo yalikuwa yameandikwa.

Shida ni kwamba kanuni hizi zilitungwa kwa kipimo cha bahari. Hati inatakiwa kwa meli za tani 400 kwenda juu. Taarifa ya kila mwaka ya mafuta yaliyochomwa, inayofika Shirika la Kimataifa la Bahari, inaanzia tani 5,000, na hakuna meli ya ziwa letu inayofikia ukubwa huo.

Hata hivyo mafuta yanayopita hapa si ya kibaba. MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960, ilirudishwa kazini mwishoni mwa 2019 ikavusha mabehewa ya mafuta hadi Port Bell. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika 2018, likakaa miaka likingoja upande wa Uganda uwe na pa kupokelea. Sasa MT Kabaka Mutebi II hubeba hadi lita milioni 4.5 kwa safari moja.

Basi tuseme balaa litokee, Mungu apishe mbali. Mei 2005 MV Kabalega iligongana na MV Kaawa ikazama upande wa Uganda. Meli ikizama, tangi lake huzama nayo, na swali la kwanza la mwokoaji baada ya watu ni: mle ndani mna nini? Petroli huruka hewani upesi, na cheche moja huweza kuwaunguza waliokuja kuokoa. Dizeli hutanda juu ya maji. Mafuta mazito hunata kwenye matete na nyavu kwa muda mrefu. Kila aina ina namna yake ya kukabiliwa. Jibu likiwa ndani ya jalada lililofungiwa nchi nyingine, saa za kwanza zimepotea. Kisumu hunywa maji yanayovutwa Dunga, Mheshimiwa, na ghuba yetu ya Winam ina mlango mwembamba. Kinachoingia humu hakina haraka ya kutoka.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Tangu Januari 2015 dizeli ya magari Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Mafuta ya meli za bahari, hata baada ya kubanwa mwaka 2020, yanaruhusiwa kufika 5,000. Meli ya ziwani ikichoma dizeli ya barabarani, inachoma mafuta safi mara mia kuliko kiwango cha bahari. Hiyo ni neema, na tusipoandika nani anatia nini, siku moja mtu ataleta mabaki ya mafuta ya bei nafuu na hakuna atakayegundua.

Uchanganyaji wa mafuta taa katika dizeli tunaujua. Mwaka 2018 Kenya ilitoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuukomesha. Mvuvi wa Usenge au Mbita anayenunua petroli kwa mitungi hana sampuli wala risiti, na injini ikimzimikia katikati ya gugumaji hana wa kumshtaki. Sidai kila mtungi uwe na hati. Wauzaji wa ufuoni waandikishwe tu, kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU).

Sheria ya Uchukuzi ya Ziwa Victoria ya mwaka 2007 ipo, na wewe ndiwe wa kuziita mamlaka mezani. Anza na gati la Kisumu: nakala ya hati ifike kwa mamlaka ya bandari inayofuata kabla meli haijafunguliwa kamba. Wafanyabiashara watalalamika kwamba ni siri yao. Bei waifiche. Aina, kiasi na jina la muuzaji tupewe.

Wako,
Mkazi wa Kisumu

Nakala: Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Mombasa; Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Dar es Salaam; Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, Kampala.