Mafunzo ya injini kwa intaneti yaishie gereji

Zamani kijana aliyetaka kujifunza kurekebisha injini ya gari alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupata nafasi katika chuo cha ufundi, na nafasi hizo hazikuwatosha waombaji. Ya pili ilikuwa kwenda gereji ya chini ya mwembe, akaosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumkabidhi fundi spana kwa miaka miwili au mitatu, huku akiiba ujuzi kwa macho. Leo ipo njia ya tatu. Kwa simu ya mkononi na bando la intaneti, kijana huyo aweza kuhudhuria masomo yanayoeleza, hatua kwa hatua na kwa picha zinazotembea, namna hewa na mafuta vinavyochanganywa, namna cheche inavyopigwa, na namna kompyuta ya gari inavyosomwa. Wako wanaotoa masomo hayo bure, na wako wanaoyauza.

Mafundi wa zamani wanaoidharau njia hii husema kwamba hakuna aliyepata kuwa fundi kwa kutazama. Vijana wanaoishangilia huiona kuwa ufunguo wa kila mlango. Mwalimu ataulizwa na mzazi kama ada ya masomo hayo inafaa kulipwa. Mtumishi wa Serikali atawekewa mezani cheti kilichochapwa kutoka kwenye kompyuta, naye atatakiwa kuamua kama mwenye cheti hicho akabidhiwe gari la umma. Kwa hiyo si jambo la kuachiwa mabishano ya gereji peke yake.

Kurekebisha injini si kufungua na kufunga vyuma. Ni kuipatia injini cheche kwa wakati wake na mafuta kwa kipimo chake. Injini ya petroli ya mapigo manne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwashwa mara 25 kwa sekunde. Cheche haipigwi pistoni ikisha kufika juu kabisa, bali kabla kidogo, kwa kuwa mafuta huchukua muda kuungua; na kwa kawaida kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, ndivyo cheche inavyotakiwa kutangulia zaidi. Ikiwahi kupita kiasi, injini hugonga, na ikiachwa hivyo pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, nguvu hupotea, injini huchemka, na mafuta yaliyolipiwa hutoka bure kwenye ekzosi. Vivyo hivyo, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, plagi huota masizi meusi. Ikizidi, injini hukosa nguvu na hupata joto la hatari.

Mambo haya hayaonekani kwa macho, wala sikio haliyafikii yote. Hapa ndipo gereji ya mwembeni iliposhindwa tangu mwanzo, na haifai kulificha jambo hilo kwa sababu ya heshima kwa wazee wa kazi. Wanagenzi wengi walifundishwa kuizungusha distribyuta kidogo kidogo mpaka injini itulie, basi. Hawakuambiwa kwa nini inatulia. Gari la aina ile ile likija walilirekebisha vizuri. Likija la aina nyingine walibahatisha. Fundi aliyewafundisha hakuwa mchoyo kila mara. Mara nyingi naye hakuambiwa, na hata aliyejua alikuwa na mteja anayesubiri kwenye benchi. Somo lililorekodiwa halina mteja anayesubiri. Mwanafunzi aweza kulisimamisha, kulirudisha nyuma, na kuutazama mchoro wa pistoni ukipanda polepole mara kumi, bila mtu kumkaripia. Kwa upande huu wa nadharia, masomo ya intaneti yamewapa wanaoanza kitu ambacho hawakuwahi kukipata.

Faida yake huonekana zaidi katika magari ya siku hizi, ambayo cheche na mafuta yake vinasimamiwa na kompyuta. Mfano mmoja unatosha. Gari linaletwa taa ya injini ikiwaka. Fundi anaunganisha kifaa chake cha kupimia na kukuta namba P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona mafuta ni machache kuliko hewa. Fundi asiyejua nadharia husikia kwamba habari hiyo imetoka kwa kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa, naye huamuru sensa mpya inunuliwe. Mwenye gari analipa. Baada ya siku chache taa inawaka tena, kwa sababu kasoro ilikuwa mpira wa hewa uliopasuka, au gasketi inayovuja, au pampu ya mafuta iliyochoka. Sensa iliyotupwa ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Hasara ya namna hii humwangukia mwalimu aliyenunua gari kwa mkopo, na huiangukia ofisi ambayo gari lake la wagonjwa linakaa gereji likisubiri kifaa lisichokihitaji. Mwanafunzi aliyefundishwa vyema kwenye intaneti atajua kwamba namba ile ni dalili ya ugonjwa, na kwamba kazi ya fundi ndiyo kwanza inaanza.

Hata hivyo itakuwa kosa kubwa kudhani kwamba aliyejua hayo amekwisha kuwa fundi. Mwalimu aliye ndani ya simu haioni mikono ya mwanafunzi wake. Hajui kama plagi imekazwa mpaka nyuzi za kichwa cha alumini zinalegea, wala kama kifuniko cha rejeta kinafunguliwa injini ikiwa imechemka. Hawezi kusema, “Hebu sogea, sikiliza hapa.” Mwanya wa plagi wa milimita 0.8 ni tarakimu tu kwa mtu ambaye hajapata kuupima kwa kibati chake na kuhisi mkwaruzo wake mkononi.

Na ipo hatari mpya ambayo mafundi wa zamani hawakuijua. Kompyuta ya gari inaweza kubadilishwa hesabu zake za cheche na mafuta kwa kutumia kompyuta ndogo ya kubeba. Yamo masomo yanayowaahidi wanaoanza kwamba wataongeza nguvu za gari kwa njia hiyo, na wako wanaowagawia mafaili yaliyotengenezwa kwa injini nyingine, petroli nyingine na hali nyingine ya hewa. Fundi wa kabureta aliyekosea alisikia kosa lake papo hapo. Huyu wa kompyuta aweza kuiharibu injini huku mikono yake ikiwa safi na injini ikinguruma vizuri, madhara yakaonekana gari likiwa katikati ya mlima na mzigo mgongoni.

Hali ya mahali nayo ina sauti katika kazi hii. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu yake, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika sita. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Kariakoo ikipelekwa Mbeya itapewa mafuta mengi kuliko hewa inayoipata, nayo itatoa moshi na kula petroli bila sababu. Injini yenye kompyuta na vihisi vizima hujirekebisha yenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini pikipiki, jenereta na magari ya zamani ya kabureta hayana uwezo huo. Somo lililotayarishwa mbali kwa ajili ya magari ya mbali halitalitaja jambo hili, wala vumbi la barabara za Dodoma na Singida linaloziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Anayeweza kulitaja ni fundi wa Mbeya au wa Singida, naye bado hajaitwa kufundisha.

Kufundisha kwa mbali si jambo geni katika nchi hii. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoamuliwa mwaka 1974, walimu waliokuwapo hawakutosha, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa waliotakiwa kwa muda uliotakiwa. Kuanzia mwaka 1976 makumi ya maelfu ya vijana walifundishwa ualimu kwa masomo ya posta na redio. Waliokejeliwa kuwa ni walimu wa redio hawakuishia kwenye redio. Walikuwa shuleni, mbele ya watoto, wakifundisha chini ya uangalizi wa walimu wenye uzoefu, na kazi yao ya darasani ilitazamwa. Yapo mengi ya kulaumiwa katika mpango ule, hasa haraka yake, na walimu wastaafu wanayajua kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini haukutenganisha somo lililotoka mbali na kazi iliyofanyika karibu.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyofuatwa katikati ya miaka ya 2010, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilipoanzisha pamoja na kampuni ya simu ya Airtel mpango wa VSOMO. Mwanafunzi alisoma nadharia ya ufundi kwenye simu, kisha akaenda chuo cha VETA kwa mazoezi ya vitendo. Wanaouza masomo ya injini leo, wawe ndani au nje ya nchi, wangefanya vyema kuufuata mfano huo badala ya kumwachia mwanafunzi wao atafute injini anakojua mwenyewe. Akikosa ya kujifunzia, atajifunzia kwenye gari la jirani.

Injini za kujifunzia si haba kama inavyodaiwa. Vyuo vya VETA vina karakana, na baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vinafundisha ufundi wa magari. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, una karakana zinazotengeneza magari ya Serikali. Jumamosi alasiri sehemu kama hizo hazina kazi nyingi. Si jambo lisilowezekana kuzifungua kwa makundi madogo ya vijana waliokwisha kusoma nadharia kwenye simu, chini ya fundi mmoja anayelipwa posho ya haki. Mkondo wa amali katika shule za sekondari, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, nao utahitaji mahali pa vitendo, na mwalimu wa fizikia ambaye hajashika spana asitupiwe kazi hii peke yake. Apewe masomo hayo ya intaneti ya kumsaidia kueleza, na apewe fundi wa kusimama naye.

Kwa anayeanza, tena, si lazima injini iwe ya gari. Pikipiki moja mbovu ya silinda moja ina plagi, kabureta, valvu na mapigo yote manne. Bei yake ni ndogo, na ikiharibika haimtii mtu kilio. Zipo nyingi zimeegeshwa nyuma ya vituo na ofisi zikingoja mnada. Kuziombea shule baadhi yake ni barua ya ukurasa mmoja.

Lugha isisahauliwe. Masomo mengi yaliyo bora yako kwa Kiingereza cha kasi, na mwanafunzi huishia kukariri majina asiyoyaelewa. Mafundi wa nchi hii wamekwisha kujitengenezea lugha ya kutosha: plagi, pistoni, ringi, gasketi, klachi, injini inakula oili, inachemka, inagonga. Mtunzi wa somo la Kiswahili aanzie hapo. Asibuni msamiati mpya mahali ambapo wenye kazi wana wao, wala asiliache jambo lenyewe bila kulieleza kwa kuwa amelipata jina. Neno jipya litahitajika pale tu ambapo gereji haikuwa na habari ya kitu hicho, na pale Baraza la Kiswahili la Taifa lishauriane na mafundi kabla ya kutangaza.

Linabaki suala la cheti. Hati inayotolewa kwa sababu mtu ametazama masomo yote hadi mwisho inathibitisha kwamba ametazama. Mwajiri wa umma asiichukulie kuwa zaidi ya hapo, na mzazi aelezwe hivyo kabla hajalipa ada. VETA inao utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya vyuo, nao umewafaa mafundi wengi wa mitaani ambao hawakuwahi kukaa darasani. Mlango huo huo uwe wa mwanafunzi wa intaneti, kwa mtihani ule ule. Awekewe injini isiyowaka, yenye kasoro moja iliyofichwa na mtahini. Kabla ya kugusa chochote aseme anashuku nini na kwa sababu gani, ili ijulikane kama nadharia imemwingia. Kisha apewe spana.