Tamko la Mafundi wa Kiganjo Kuhusu Koleo la Kujifunga

Sisi mafundi wa magari, wachomeleaji na mafundi wa mabomba tulioungana katika chama chetu hapa Kiganjo, Thika, tunatoa tamko hili kwa watengenezaji na waagizaji wa zana, kwa wenye maduka ya hadwea, kwa vyuo vya ufundi, kwa Serikali ya Kaunti ya Kiambu na kwa wenzetu wote wa jua kali. Linahusu chombo kimoja tu: koleo la kujifunga, lile ambalo gereji nzima huliita vaisigripu. Tunataka liundwe upya ili fundi aweze kulipima, kulifunga na kulifungua kwa mkono mmoja.

Anayeona jambo hili ni dogo na alale chini ya matatu. Mkono mmoja unazuia bomba la moshi lisimwangukie usoni, mkono wa pili una koleo, na taya za koleo hilo zimeachwa wazi kuliko unene wa bomba. Ili azipunguze, lazima azungushe skrubu iliyo nyuma ya mpini, na mkono wa kuizungusha hana. Ama aachilie bomba, ama amwite mwanagenzi aache kazi yake. Mchomeleaji wa mageti yuko hivyo hivyo: mkono mmoja umeshika elektrodi, mwingine umeunganisha vyuma viwili ambavyo vikisogea hata kidogo tu, geti zima litapinda. Fundi wa mabomba aliye juu ya ngazi anahitaji mkono mmoja wa kujishikilia asianguke. Hapo tunazungumzia usalama wa mtu, si starehe.

Chanzo cha tabu hii kinajulikana. Ndani ya koleo hili mna kiungo kinachofanya kazi kama goti: ukibana mipini, goti linanyooka, na kadiri linavyokaribia kunyooka ndivyo nguvu ya taya inavyoongezeka mara nyingi kuliko nguvu ya kiganja. Likipita kidogo ule mstari wa kunyooka, linajifunga na kubaki limefunga hata ukiondoa mkono. Huo ni ubunifu mkubwa na hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na skrubu. Skrubu moja imepewa kazi mbili: ndiyo inayoamua taya zitashika unene gani, na hiyo hiyo ndiyo inayoamua zitabana kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo kila fundi anapotoka kwenye bolti ya milimita 10 kwenda kwenye bomba la inchi moja, huanza kupima upya. Huzungusha, hujaribu, hulegeza kidogo, hujaribu tena. Mkono wa pili unahitajika kwa sababu ya mchanganyiko huo wa kazi mbili.

Aliyelibuni alikuwa mtu wa karakana kama sisi. William Petersen, mhunzi mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, alifanya kazi yake katika mji mdogo wa De Witt, jimbo la Nebraska. Hati yake ya kwanza ya ubunifu aliipata mwaka 1921, na mwaka 1924 akapata ile ya mpini unaojifunga. Leva ndogo ya kulifungulia, ambayo leo tunaiona kama sehemu ya lazima, iliongezwa mwaka 1957. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, koleo liliuzwa bila leva, na mafundi walihangaika kulifungua hadi mtengenezaji alipolirekebisha. Hati za Petersen zilikwisha muda zamani, na kanuni yake ya msingi iko huru kwa yeyote mwenye chuma na ujuzi. Hatukubali kuambiwa kwamba chombo hiki kimefika mwisho wa kuboreshwa.

Tunalosema kuhusu mkono mmoja lina uzito zaidi kwa wale ambao mkono mmoja ndio walio nao. Thika ina shule ya Joytown, inayosomesha watoto wenye ulemavu wa viungo, na baadhi ya vijana wa mji huu wenye ulemavu wanataka ufundi kama vijana wengine. Wako pia mafundi waliopooza upande mmoja, na waliopoteza vidole kazini. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kwetu sisi, koleo linalopimika kwa kidole gumba ni kifaa cha namna hiyo, na kijana asikataliwe benchi la kazi kwa sababu ya skrubu iliyowekwa mahali pabaya.

Haya ndiyo tunayoyataka katika umbo la koleo. Kifundo cha skrubu kiwe kikubwa, chenye mabawa, na kikae mahali ambapo kidole gumba au kidole cha mwisho kinaweza kukifikia bila kiganja kuachia mpini. Hesi ya skrubu iwe pana, ili mizunguko michache itoshe kutoka nyembamba hadi nene. Na kwa kuwa hesi pana hulegea upesi inapotikiswa, iwekewe springi ya kuizuia. Leva ya kufungulia isiwe tena ile inayoruka na kufinya nyama ya kiganja pale koleo lilipobana sana. Tayari kuna makoleo sokoni yasiyo na leva hiyo, yanayofunguka kwa kutanua mipini, kwa hiyo hatuombi muujiza.

Mipini nayo itazamwe. Mwongozo wa kuchagua zana za mkono uliotolewa Marekani mwaka 2004 na taasisi ya NIOSH, inayoshughulikia usalama na afya kazini, unashauri kwamba mipini miwili ya zana za kubana kwa nguvu isizidi sentimita 9 ikiwa wazi, wala isipungue sentimita 5 ikifungwa. Makoleo mengi ya inchi 10 hutanuka kupita hapo taya zikiwa wazi kabisa, na mwenye kiganja kidogo, wakiwamo wanawake wanaoingia gereji kwa wingi kuliko zamani, hulazimika kuanza kubana kwa ncha za vidole, mahali mkono hauna nguvu.

Kuhusu makoleo yanayojipima yenyewe, ambayo taya zake hufuata unene wa kitu na skrubu ikabaki na kazi ya kuamua nguvu peke yake, tunayaunga mkono. Ndiyo njia sahihi, maana yanatenganisha zile kazi mbili. Lakini anayeyaunda aje aone yatakapoishi. Cheche za kuchomelea na vumbi la chuma la grainda huingia kila penye upenyo, na kiungo chenye meno madogo kikijaa uchafu huo hukwama au huteleza chini ya mzigo. Tunataka kiungo hicho kifunikwe, na kiweze kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kwa bisibisi ya kawaida.

Kwa wenzetu ambao wameanza kujitengenezea dawa kwa kuchomelea kipande cha chuma kwenye kifundo cha skrubu: ubunifu huo tunauheshimu, ila ichomoeni skrubu kwanza, mwichomelee ikiwa nje ya mwili wa koleo. Moto ukifika kwenye taya au kwenye viungo, chuma hupoteza ugumu wake, na koleo lililolainika linaweza kuachia likiwa limebeba mzigo juu ya kichwa cha mtu.

Tunawaomba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilicho jirani yetu Juja, na Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, KIRDI, walichukue jambo hili kama kazi halisi ya usanifu na waifanye pamoja na karakana zetu. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inaruhusu uboreshaji mpya wa kifaa unaofaa kwa matumizi ya kiwandani kupewa cheti cha ulinzi wa miaka 10, hata pale usipofikia kiwango cha kupewa hataza. Fundi atakayechangia wazo jina lake liandikwe kwenye cheti hicho. Hilo ni sharti letu.

Waagizaji nao wapunguze kutuletea makoleo ya chuma laini, ambayo riveti zake hulegea na meno yake kulika mapema. Koleo lililolegea viungo halifungi kwa mkono mmoja wala kwa miwili.

Kwa upande wetu, benchi zetu ziko wazi. Mtengenezaji yeyote atakayeleta koleo lililoundwa kwa mkono mmoja, tutalitumia chini ya magari, kwenye mageti na kwenye mabomba, kisha tutamrudishia likiwa na maelezo ya maandishi: lilikwama wapi, lililika wapi, liliumiza mkono wapi. Tutamwalika pia fundi anayefanya kazi kwa mkono mmoja alijaribu kabla yetu, na maoni yake ndiyo yatakayoandikwa kwanza.

Limetolewa na mafundi wa Kiganjo, Thika, Kaunti ya Kiambu.