Kashene ya motari ni deni la koperative



Mvua ikishakatika, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9, njia za Bonde la Ruzizi zinageuka unga. Kutoka mashamba ya Luvungi, Sange na Kiliba, mpunga na muhogo vinatoka kwanza kwa kichwa cha mama, kisha kwa pikipiki. Motari njo anabeba kazi yetu ya miezi mingi mpaka ku depo. Katika daftari ya koperative tunaandika mbegu, magunia, hata sukari ya chai ya mkutano. Kifua cha motari hatukiandike fasi yoyote.

Sisi maagronomu tunasema waziwazi: kashene ya kitambaa, ishonwe hapa kwetu, ipambwe vizuri, na koperative ndiyo ilipe.

Kuna wenye kusema kashene ilikwisha na Corona. Kweli, mwaka 2020 ilivaliwa kwa amri, na amri ilipolegea watu wakaitupa. Kitu unachovaa kwa kuogopa faini, faini ikiisha unakiacha. Kitu unachokipenda, hakuna mtu wa kukusukuma. Njo maana mapambo si mchezo wa watoto. Kijana anayeosha pikipiki yake kila asubuhi na kuifunga maua ya plastiki kwenye usukani hatavaa kitambaa kibaya mbele ya watu wa soko.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kila fundi wa kushona kunabaki vipande vya kitenge. Chukua kimoja cha pamba, kisikuwe cha nailoni, na kipande kingine cha shuka ya zamani kwa ndani. Ukikiinua kwenye jua na ukaona mwanga mingi unapita, hakifai. Kata vyote viwili, upana sentimeta 25 na urefu 30, kusudi sehemu ya chini ifunike shingo na iingie ndani ya kola. Ufue kwanza, rangi itoke na kitambaa kikazike, halafu ushone. Juu, fasi ya pua, weka ndani waya laini ya kukunja. Tumia kamba 4 za kitambaa: mbili zifungwe juu ya masikio, mbili nyuma ya shingo, na ncha zake ziwe fupi. Kamba ndefu inayopepea kwenye pikipiki ni hatari.

Mapambo yakae pembeni na chini, si mbele ya pua na mdomo. Kila tundu la sindano ya kutarizi ni mlango wa vumbi, na rangi ya mafuta inaziba pumzi. Shanga tuache, inaweza kukatika na kuingia mdomoni. Muhindi, suke la mpunga, jina la koperative: hayo yanatosha, na soko nzima itajua mzigo ule ni wa nani.

Sasa tuseme pia mipaka yake, juu uongo wa kizuri unaua. Kitambaa kinazuia vumbi kubwa; ile laini sana ingine inapita. Hakilindi macho wala kichwa. Kaske inabaki kaske. Na hili tunaliweka mbele ya yote: kashene ya njia si kashene ya dawa. Tunaona walimaji wanafunga kitambaa hiki kisha wanachukua pompi kwenda kupuliza nyanya. Kitambaa kinanyonya dawa, kinaikamata mbele ya pua, na kesho yake kinavaliwa tena. Hapo kinga imekuwa sumu. Anayepuliza dawa anahitaji kinga yenye filtre ya dawa, na hakuna kitenge kinachochukua nafasi yake.

Tunajua vilevile tunaishi wapi. Uso uliofunikwa unatia watu woga. Ukikaribia baryeri, ao ukiingia kijiji jioni, punguza mwendo na ushushe kashene uso uonekane. Pambo la koperative halikupe ruhusa ya kupita umejificha.

Kila motari apate mbili: moja mwilini, moja kwenye kamba ya kuanikia. Ifuliwe kila jioni kwa sabuni na ikaushwe kwa jua. Na mwenye kukohoa majuma 2 ao zaidi asiseme tu "ni vumbi". Aende ku sante wapime kifua kikuu.

Komite zingine zitatuambia feza ni ya mbegu kwanza. Tunaheshimu neno hilo, lakini tunauliza: motari akilala nyumbani na kifua wakati wa mavuno, mpunga utafika ku depo kwa miguu ya nani? Vipande vya kitenge ni vya bei ndogo, na kazi ya kushona itaingiza makuta kwa wamama wenye mashini, wanamemba wetu wenyewe. Hatuna haja ya kungojea mfadhili kwa jambo la sindano na uzi.

Kwa hiyo tunaomba kila komite iweke jambo hili katika mkutano wake ujao, na wamotari wenyewe waitwe wachague pambo. Kiangazi hakingojei mtu.