AVC si ugonjwa wa wazee peke yao



Juma hili tunazungumza juu ya AVC, yaani kiharusi. Mwanamke wa miaka 30 anaamka mdomo umepinda, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri. Majirani wanasema amerogwa. Kumbe mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda, au umepasuka. Huyo apelekwe hospitali saa ileile. Kila dakika inayopita, sehemu ya ubongo inakufa.

Kwa nini impate kijana? Sababu moja ni estrojeni, homoni ya kike. Iko pia katika vidonge vingi vya kupanga uzazi, na inaifanya damu igande upesi zaidi. Wengi wanavimeza bila shida. Lakini kuna watu waliorithi kwa baba au kwa mama jeni zinazogandisha damu upesi. Mambo hayo mawili yakikutana, hatari inapanda. Ukiongeza tansiyo au sigara, inapanda tena.

Hamhitaji kipimo cha jeni ili kujikinga. Ulizeni mama zenu na shangazi zenu: nani katika jamaa alipata AVC, au damu kuganda mguuni, angali kijana? Mwambieni muuguzi jibu hilo kabla ya kuchukua vidonge, naye awapime tansiyo. Ikifika 160 kwa 100, vidonge vyenye estrojeni havifai kabisa. Hata 140 kwa 90, ni heri kuchagua njia nyingine. Vilevile mwenye kuumwa kichwa upande mmoja huku akiona mimeta machoni asivitumie. Njia nyingine zisizo na estrojeni zipo: kitanzi cha shaba, au kipandikizi cha mkononi.

Lakini msiache vidonge kwa woga bila kumwona muuguzi. Mimba yenyewe inagandisha damu kuliko vidonge, na hatari inaendelea majuma 6 baada ya kuzaa. Mzazi akiumwa kichwa sana, macho yakiwa na ukungu, asiambiwe kwamba ni uchovu tu. Apimwe tansiyo siku hiyohiyo.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama aeleze kama amekwisha kuuliza nyumbani kwao. Swali hilo halina bei, na linaweza kuokoa binti yako.

Tuonane juma lijalo.